Nani Achaguliwe? Hesabu Iliyojificha katika Ubishi wa Mashabiki wa Hoki

Tarehe 5 Mei, 2025, vijipira 4 vilivyotolewa katika chombo cha kuchezeshea bahati nasibu viliwapa mashabiki wa timu ya hoki ya New York Islanders, huko Marekani, jambo la kubishania kwa muda wa siku 53. Timu yao, ambayo haikutazamiwa kupata bahati hiyo, ilipewa haki ya kuwa ya kwanza kuchagua mchezaji chipukizi wa mwaka ule. Swali likawa moja: kati ya vijana wote wa rika la miaka 18 wachezao mchezo huo duniani, achaguliwe nani?

Mtu asiyeujua mchezo huu huenda akaudharau ubishi kama huo, akauona kuwa ni porojo za watu wenye nafasi. Lakini tukiutazama kwa makini tutaona kwamba mashabiki wale walikuwa wakijadili mojawapo ya maswali magumu ya sayansi ya takwimu, nalo ni hili: tunawezaje, kwa kuyatazama machache aliyoyafanya mtu leo, kukisia yale atakayoyafanya miaka 10 ijayo? Swali hilo huwakabili pia mwalimu achaguaye timu ya shule, mwajiri asomaye barua za maombi, na mtaalamu wa kilimo achaguaye mbegu. Katika makala haya tutautumia mfano wa hoki ili tuonyeshe mahali ambapo akili ya mwanadamu huteleza, na jinsi hesabu inavyoweza kumsaidia asianguke.

Mchezo na Uteuzi Wake

Hoki inayozungumzwa hapa si ule mpira wa magongo uchezwao kwenye uwanja wa majani. Huu huchezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea, na badala ya mpira wa duara hupiga kisahani cha mpira mgumu. Kila upande huwa na watu 6 uwanjani pamoja na mlinda lango. Katika Afrika Mashariki mchezo huu ni mgeni, ingawa mjini Nairobi ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli mwaka 2005, na Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024.

Ligi kubwa kuliko zote ni ile ya Marekani na Kanada, ijulikanayo kwa herufi NHL, yenye timu 32. Ili timu tajiri zisiwanyakue vijana wote hodari, ligi hiyo huwagawa kwa zamu. Uteuzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Montreal mwaka 1963, ambapo timu 6 zilizokuwako ziliteua vijana 21. Siku hizi uteuzi huwa na duru 7, na kila timu hupewa zamu moja katika kila duru, zamu ambayo inaweza kuibadilisha kwa mchezaji au kwa zamu nyingine. Timu dhaifu hutangulia kuchagua, na timu bora huja mwisho.

Utaratibu huo una kasoro iliyo wazi. Ikiwa timu iliyoshika mkia hupata chipukizi bora, basi kuna faida katika kushindwa. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1995 ligi imetumia bahati nasibu ili timu ya mwisho isiwe na hakika ya kuchagua kwanza. Hesabu yake yafaa kuelezwa, kwani ni mfano mzuri wa nadharia ya uwezekano.

Vijipira 14 vyenye nambari 1 hadi 14 hutiwa katika chombo, kisha 4 hutolewa. Kijipira cha kwanza chaweza kuwa chochote kati ya 14, cha pili chochote kati ya 13 vilivyobaki, cha tatu kati ya 12, na cha nne kati ya 11. Tukizidisha 14 × 13 × 12 × 11 tunapata 24,024. Lakini mfuatano haujali: nambari 2, 5, 9, 13 ni sawa na 13, 9, 5, 2. Nambari 4 zaweza kupangwa kwa njia 24, kwa hiyo tunagawanya 24,024 kwa 24 na kupata mafungu 1,001. Fungu moja huachwa, na yale 1,000 hugawiwa timu 16 ambazo hazikufika kwenye michezo ya mtoano. Timu ya mwisho hupata mafungu 185, yaani uwezekano wa asilimia 18.5. Lakini kanuni ya sasa hairuhusu timu kupanda zaidi ya nafasi 10. Kwa hiyo ikishinda timu iliyo mbali mno kuweza kufika kileleni, nafasi ya kwanza hubaki kwa ile ya mwisho. Timu hizo za mbali zina jumla ya asilimia 7, na kwa hiyo uwezekano halisi wa timu ya mwisho ni asilimia 25.5.

Mwaka 2025 timu ya mwisho ilikuwa San Jose Sharks. Islanders walikuwa na mafungu 35 tu katika 1,000, yaani asilimia 3.5, au takriban nafasi moja katika kila 29. Hata hivyo fungu lililotoka lilikuwa lao. Jambo lenye uwezekano mdogo si jambo lisilowezekana. Huo ndio mwanzo wa hekima katika somo hili.

Vijana Watatu

Majina yaliyotajwa sana na mashabiki yalikuwa matatu.

Wa kwanza ni Matthew Schaefer, beki kutoka Kanada, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba, 2007. Alikuwa akiichezea timu ya Erie Otters katika ligi ya vijana ya Ontario. Alivunjika mfupa wa mtulinga katika mashindano ya dunia ya vijana ya mwishoni mwa mwaka 2024, na kwa hiyo msimu ule alicheza michezo 17 tu katika ligi yake. Katika michezo hiyo alipata pointi 22. (Katika hoki mchezaji hupata pointi moja kwa kila bao analolifunga na pointi moja kwa kila pasi yake iliyozaa bao.)

Wa pili ni Michael Misa, mshambuliaji, naye ni wa Kanada, aliyezaliwa Februari 2007. Katika ligi hiyo hiyo ya Ontario, akiwa na timu ya Saginaw Spirit, alicheza michezo 65, akafunga mabao 62 na kupata jumla ya pointi 134. Hizo ni zaidi ya pointi 2 kwa kila mchezo.

Wa tatu ni James Hagens, mshambuliaji Mmarekani, aliyezaliwa Novemba 2006. Yeye alicheza katika ligi ya vyuo vikuu akiwa na timu ya Boston College, na katika michezo 37 alipata pointi 37. Zaidi ya hayo, ni mwenyeji wa Hauppauge, katika kisiwa cha Long Island, ambacho ndicho makao ya Islanders.

Sasa msomaji aweza kuuona ubishi ulivyokuwa. Mmoja husema, "Hesabu mabao: Misa hana mpinzani." Mwingine hujibu kwamba beki anayeweza kuuendesha mchezo kutoka nyuma ni adimu kuliko mfungaji. Wa tatu husema kwamba mtoto wa nyumbani ndiye atakayeijaza mioyo ya watu na viti vya uwanja. Wa nne huuliza vipi timu itamwaga bahati yake kwa kijana aliyeonekana mara 17 tu. Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Tuzipime hoja hizo moja baada ya nyingine.

Michezo 17 au Michezo 65?

Wanatakwimu huita "sampuli" ile sehemu ya mambo tunayoiona, ambayo kwayo tunakisia mambo yote tusiyoyaona. Sampuli ikiwa ndogo, kisio huwa na mashaka makubwa. Lakini mashaka hayo hayapungui kwa kasi ile ile ambayo sampuli inaongezeka. Hupungua kwa kipeuo chake cha pili. Ili mashaka yapungue nusu, sampuli haina budi kuongezwa mara nne.

Michezo 65 ya Misa ni karibu mara 4 ya michezo 17 ya Schaefer. Kwa hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, mashaka juu ya wastani wa Schaefer yalikuwa karibu mara mbili ya mashaka juu ya wastani wa Misa. Hofu ya yule shabiki wa nne haikuwa ya bure. Wala haikuwa kubwa kama alivyodhani, kwani watafuta vipaji walikuwa wamemwona Schaefer pia katika miaka iliyotangulia na katika mashindano mengine, na mambo kama vile mwendo wa mtu juu ya barafu hupimika kwa michezo michache kuliko idadi ya mabao. Bao hutokea mara chache, ilhali mtu huteleza kila dakika anapokuwa uwanjani. Jambo litokealo mara nyingi hutupa sampuli kubwa upesi.

Sehemu ya Bahati katika Mabao

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kuna vijana 100, wote wenye ustadi ulio sawa kabisa: kila mmoja, kwa tabia yake ya kudumu, hufunga mabao 12 katika kila mapigo 100. Kila mmoja apige mapigo 200 katika msimu. Tungetazamia kila mmoja apate mabao 24. Lakini haitakuwa hivyo, kama vile sarafu iliyorushwa mara 10 isivyolazimika kuonyesha kichwa mara 5. Kipimo cha mtawanyiko katika hali hii ni kipeuo cha pili cha 200 × 0.12 × 0.88, ambacho ni takriban 4.6. Wengi wa vijana hao watakuwa kati ya mabao 15 na 33. Tena, kwa kuwa wako 100, si ajabu mmoja wao akafikisha mabao 35 na mwingine akaishia 13.

Mashabiki watafanya nini? Watamwimbia yule wa mabao 35 na kumsahau yule wa 13, ilhali tumekwisha kusema kwamba ustadi wao ni mmoja. Msimu ujao, yule wa 35 aelekea kurudi karibu na 24. Hapo watasema amelewa sifa, au ameharibiwa na fedha. Na yule wa 13, akipanda hadi 24, watasema kocha mpya amemtengeneza. Kumbe hakuna kilichobadilika isipokuwa bahati.

Jambo hili huitwa kurejea kwenye wastani. Lilielezwa na mwanasayansi wa Uingereza, Francis Galton, katika maandishi yake ya mwaka 1886 juu ya vimo vya wazazi na watoto. Aligundua kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani watoto hao huupita urefu wa kawaida kwa theluthi mbili tu za kiasi ambacho wazazi wao waliupita. Kila palipo na mchanganyiko wa sababu za kudumu na sababu za kubahatisha, aliye kileleni leo anatazamiwa kuteremka kidogo kesho.

Yatupasa tusizidishe hoja hii. Katika maisha vijana hawalingani kwa ustadi, na pointi 134 za Misa haziwezi kuelezwa kwa bahati peke yake. Hoja ni kwamba sehemu fulani ya kila rekodi kubwa ni bahati, na kadiri rekodi inavyokuwa ya ajabu, ndivyo inavyotupasa kuitazamia ipungue.

Kipimo Kimoja kwa Ligi Mbalimbali

Je, pointi 2 kwa mchezo katika ligi ya vijana ni zaidi ya pointi 1 kwa mchezo katika ligi ya vyuo vikuu? Ni sawa na kuuliza kama shilingi 2 za nchi moja ni zaidi ya shilingi 1 ya nchi nyingine. Hatuwezi kujibu kabla ya kujua kiwango cha kubadilishia. Katika ligi ya Ontario wachezaji wengi wana miaka 16 hadi 20. Katika ligi ya vyuo vikuu kijana wa miaka 18 hukabiliana na wanaume wa miaka 22 na hata 24.

Wachunguzi wa takwimu za hoki wamebuni njia ya kupata kiwango hicho. Huwachukua wachezaji waliohama kutoka ligi fulani kwenda NHL, na kulinganisha wastani wao wa kabla ya kuhama na ule wa baada yake. Kwa mfano, ikiwa waliohama kutoka ligi A walibakiwa na asilimia 30 ya pointi zao, na waliohama kutoka ligi B walibakiwa na asilimia 60, basi kijana mwenye pointi 2 katika ligi A ni sawa na kijana mwenye pointi 1 katika ligi B, kwani wote wawili wanakisiwa kupata 0.6 huko waendako. (Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, wala si za ligi yoyote.)

Njia hii ni nzuri, lakini ina mitego miwili. Kwanza, hupima wale tu waliopandishwa. Wale ambao hawakuitwa kamwe hawamo katika hesabu, na kwa hiyo picha hupendeza kupita ukweli. Pili, pointi hupima mabao yaliyopatikana, wala hazipimi mabao yaliyozuiwa. Beki ambaye kazi yake ya kwanza ni kuzuia hawezi kupimwa kwa haki dhidi ya mshambuliaji kwa mizani ya pointi peke yake. Shabiki aliyemlinganisha Schaefer na Misa kwa pointi alikuwa kama mtu apimaye nguo kwa kibaba.

Mwezi wa Kuzaliwa

Jambo la ajabu kuliko yote katika utafiti wa hoki ni la mwezi wa kuzaliwa. Mwaka 1985, Roger Barnsley na wenzake nchini Kanada walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika hoki ya ngazi za juu, waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walikuwa wachache mno. Wasomaji wapenda nyota wasifurahi mapema. Sababu yake ni kalenda.

Huko Kanada watoto hugawanywa katika makundi ya umri kwa mwaka wa kuzaliwa, mpaka ukiwa tarehe 1 Januari. Mtoto aliyezaliwa Januari na mwenzake aliyezaliwa Desemba huwekwa kundi moja, ingawa mmoja amemzidi mwingine kwa miezi 11. Wakiwa na umri wa miaka 9, tofauti hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya maisha yao yote. Yule mkubwa ana kimo, uzito na uzoefu zaidi, kwa hiyo huchaguliwa kuingia timu bora. Huko hupata makocha bora, michezo mingi zaidi na sifa. Mwaka unaofuata, tofauti iliyoletwa na kalenda imekwisha kuwa tofauti ya ustadi wa kweli. Aliyepewa atazidi kupewa.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 na Robert Deaner na wenzake, uliliendeleza jambo hilo hadi kwenye uteuzi wenyewe. Waliwachunguza wachezaji wa Kanada walioteuliwa na NHL tangu mwaka 1980 hadi 2007. Waliozaliwa katika robo ya kwanza ya mwaka walikuwa asilimia 36 ya walioteuliwa, lakini walicheza asilimia 28 tu ya michezo na kupata asilimia 25 ya pointi. Waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka walikuwa asilimia 34 ya walioteuliwa, lakini walicheza asilimia 42 ya michezo na kupata asilimia 44 ya pointi. Kwa maneno mengine, vijana wa miezi ya mwisho walikuwa wakichelewa kuteuliwa kwa zaidi ya nafasi 40 kuliko walivyostahili. Watafuta vipaji, ambao kazi yao ni kuona yasiyoonwa na wengine, walikuwa wakiudhania ukubwa wa umri kuwa kipaji. Na kosa hilo halikupungua katika miaka yote 28 iliyochunguzwa.

Je, jambo hili linatuambia nini kuhusu vijana wetu watatu? Schaefer alizaliwa siku 10 tu kabla ya tarehe 15 Septemba, ambayo ndiyo mpaka wa uteuzi wa NHL. Angalizaliwa wiki mbili baadaye, angalingoja uteuzi wa mwaka 2026. Alikuwa mdogo kwa Misa kwa miezi karibu 7, na kwa Hagens kwa miezi 10. Shabiki mwenye busara angeliongeza jambo hilo katika mizani upande wa Schaefer. Asingelifanya hoja ya mwisho, kwani matokeo ya uchunguzi ni ya kundi, na kundi halisemi yatakayompata mtu mmoja.

Hekima ya Wengi na Kasoro Yake

Huenda msomaji akauliza: kwa kuwa kila mmoja aweza kukosea, si heri kuchukua rai ya wote? Galton alilichunguza hilo pia. Mwaka 1907 alieleza habari za maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, ambako watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya maksai mmoja. Kadi 787 zilisomeka. Galton alizipanga kutoka kisio dogo hadi kubwa na kuitazama iliyo katikati: ratili 1,207. Uzito wenyewe ulikuwa ratili 1,198. Umati ulikosea kwa chini ya sehemu moja katika mia.

Lakini hekima hiyo ilikuwa na sharti. Kila mtu aliandika kisio lake peke yake, bila kuiona kadi ya jirani. Makosa ya aliyezidisha yalifutwa na makosa ya aliyepunguza. Mashabiki wa hoki hawako hivyo. Wote husoma orodha zile zile za wataalamu, husikiliza watangazaji wale wale, na hurudiana maneno. Watu 1,000 waliosoma orodha moja si mashahidi 1,000. Wanakaribia kuwa shahidi mmoja mwenye sauti kubwa.

Kasoro ya pili ni ile ya kumbukumbu. Kila ubishi wa uteuzi hupambwa kwa hadithi za kale, na mashabiki wa Islanders wanazo nyingi. Mwaka 1977 timu yao ilimpata Mike Bossy kwa zamu ya 15, baada ya timu nyingine kumpita mara 14. Akafunga mabao 573 katika michezo 752, na kuisaidia timu kutwaa kombe miaka minne mfululizo, 1980 hadi 1983. Mwaka 2000 timu hiyo hiyo, ikiwa ya kwanza kuchagua, ilimtwaa mlinda lango Rick DiPietro, ambaye majeraha yalimkatiza baada ya michezo 318. Mwaka ule ule, kwa zamu ya 205, majirani zao New York Rangers walimteua mlinda lango Henrik Lundqvist, ambaye alicheza michezo 887 na kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo mwaka 2023.

Tukisikia hadithi hizo tunadhani kwamba mwenye macho angeyaona mapema. La hasha. Detroit Red Wings husifiwa kwa kumgundua Pavel Datsyuk mwaka 1998 kwa zamu ya 171. Lakini mwaka huo huo Detroit wenyewe walikuwa wamekwisha kuwateua vijana wengine kabla yake. Kama wangalijua atakavyokuwa, wangalimwacha hadi zamu ya 171, ambapo timu yoyote ingaliweza kumnyakua? Walistahili sifa kwa kumwona. Kwa yaliyobaki wanapaswa kuishukuru bahati. Tena twamkumbuka Datsyuk mmoja na kuwasahau mamia walioteuliwa duru za mwisho ambao hawakukanyaga barafu ya NHL hata siku moja.

Yaliyotokea

Tarehe 27 Juni, 2025, Islanders walimteua Schaefer. Misa alichukuliwa na San Jose kwa zamu ya pili. Hagens aliteremka hadi zamu ya 7 na kuchukuliwa na Boston Bruins, katika mji ule ule alikokuwa akisoma. Mwezi Oktoba Schaefer alianza kucheza katika NHL, akiwa na umri wa miaka 18.

Je, walichagua vyema? Swali hilo lina maana mbili ambazo mashabiki huzichanganya. Uamuzi mwema ni ule uliopima vizuri mambo yaliyojulikana siku ulipofanywa. Matokeo mema ni jambo jingine, kwani yanategemea pia mifupa isivunjike. DiPietro hakuumia kwa sababu wakuu wake walikosea hesabu. Uteuzi mmoja hauthibitishi ustadi wa mteuzi wala ujinga wake. Ili kumpima inatupasa kutazama teuzi zake nyingi za miaka mingi, kwani naye ni sampuli.

Na Sisi Je?

Hatuna barafu, lakini tunao watoto wanaochaguliwa kila mwaka. Timu za vijana wa chini ya miaka 17, kama Serengeti Boys yetu, nazo huhesabu umri tangu tarehe 1 Januari. Mwalimu anayewapanga watoto mstari mmoja kwa ajili ya UMITASHUMTA, akawachagua wenye miili na mbio, aweza kuwa anachagua miezi ya kuzaliwa bila kujua. Mtoto wa Novemba aliyeachwa akiwa na miaka 11 hurudi nyumbani akiamini kwamba hana kipaji, na hakuna atakayejua kama aliamini uongo.

Jambo hili mwalimu aweza kulichunguza kwa kalamu na karatasi. Aandike miezi ya kuzaliwa ya wachezaji wake 20, ikiwa wote ni wa kundi moja la umri. Kama kalenda haina neno, kila robo ya mwaka itakuwa na watoto wapatao 5. Akiwakuta 6 au 7 katika robo ya kwanza, asishtuke. Hiyo ni bahati ya kawaida. Akiwakuta 10 au zaidi, basi ajue kwamba jambo kama hilo lisingetokea kwa bahati tupu hata mara 2 katika timu 100, maadamu watoto wanazaliwa kwa idadi inayokaribiana katika misimu yote. Hapo awaite tena wale aliowaacha, hasa wa Oktoba, Novemba na Desemba, awajaribu upya baada ya miezi kadhaa, na awatazame zaidi ya mara moja kabla ya kusema "hapana".